Samaki wa Metikali Mbili

Jumanne, 10 Juni 2025

Siku ya tisa bila saa ya kutengeneza. Si ya mkononi, si ya ukutani. Hata ile ya kengele ya imamu wetu, ambayo kwa miaka mingi iliharibika kila mwezi bila kukosa, sasa imepona kabisa. Nimekaa benchini kwangu hapa sokoni Palma tangu asubuhi, lenzi jichoni, nikitazama nzi. Nimemwona vizuri sana. Ana nywele.

Zamani! Mwaka tisini na tano nilikuwa na foleni. Watu walivuka kutoka Vamizi na saa zilizoingia maji ya chumvi. Wengine walitoka Nhica kwa baiskeli, saa imefungwa kwenye kitambaa kama yai. Walikaa, walisubiri, walizungumza. Nilijua habari za wilaya nzima kabla ya wakubwa wa wilaya. Siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu, na simu ikiharibika hawaileti kwangu.

Alasiri akapiga Leonel, wa Pemba. Tulijuana tulipokimbilia kule mwaka wa vita. Alikuwa jirani yetu, ananunua vitu vya kale na kuwauzia wageni. Ana habari! Ile sarafu ya metikali mbili, yenye samaki, eti zipo chache zilizopigwa vibaya kiwandani. Ukiigeuza, samaki anakuwa tumbo juu kama aliyekufa. Kuna bwana mmoja Maputo anazitafuta. Akataja bei. Nikamwomba ataje tena. Nikakaa chini, kumbe nilikuwa nimesimama.

Kwa pesa hiyo Zaida, mke wangu, anapata friji, na inabaki ya soda za kuweka ndani.

Mpango: kukagua kila sarafu ya metikali mbili iliyopo Palma. Kimya kimya. Mke wangu nimemwambia tu kwamba nina mradi. Akauliza kama ni ndugu wa ule mradi wa kuku au wa ule wa manukato. Kuku wale walikuwa wagonjwa kabla hawajafika kwangu.

Jumatano, 11 Juni

Nimeanza. Njia ni nyepesi: ingia dukani na noti, nunua kitu cha bei ya chini kabisa, pokea chenji. Kitu cha bei ya chini kabisa ni kiberiti. Hadi adhuhuri nilikuwa na viberiti thelathini na kimoja na sarafu za samaki hamsini na nane. Akili!

Duka la mwisho ni la bwana mmoja karibu na njia ya uwanja wa ndege. Akatazama mfuko wangu, akaona viberiti vyote vile. Hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Mzee, unataka kuchoma nini?"

Mji huu umeshaungua mara moja, mwaka ule wa vita. Nikamweleza kwamba mimi ni fundi saa, mke wangu anapika vitumbua, hatuchomi kitu. Nikamrudishia kiberiti chake na kumwomba radhi. Chenji yangu sikumrudishia.

Zaida ameviona viberiti. Amesema ni vizuri, sasa tunakosa sigara tu.

Alhamisi, 12 Juni

Subhanallah!

Nilianza kukagua baada ya chakula cha mchana. Sarafu ya kwanza: namba imekaa sawa, nageuza, samaki tumbo juu. Ya kwanza kabisa! Ya pili: tumbo juu. Ya tatu: tumbo juu. Zote! Hamsini na nane! Nilipiga kelele mpaka bata wa jirani wakajibu. Nikampigia Leonel, hakushika. Nikamwambia Zaida atafute pa kuweka friji hamsini na nane. Akauliza, na umeme je? Nikamwambia tutanunua na umeme.

Jirani yangu, Mwalimu Henrique, akasikia kelele akaja uani. Ni mtu wa Mueda, amefundisha hesabu karibu miaka arobaini kabla ya kustaafu, na hakuna mtu Palma anayependa kusahihisha wenzake kama yeye. Hata salamu husahihisha. Akaichukua sarafu bila kuombwa, akaigeuza.

"Jirani, wewe unaigeuza kama kitumbua," akasema. "Igeuze kama ukurasa wa kitabu."

Akafungua kurasa hamsini na nane mbele yangu, polepole, moja moja. Samaki wote wazima. Wanaogelea vizuri kabisa.

Kibaya zaidi si hicho. Akauliza kwa upole kwa nini mtu mzima akae anageuza sarafu. Nikasema nafanya mazoezi ya vidole, fundi saa lazima. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akatoa mfukoni sarafu yake mwenyewe ya samaki. Akaigeuza kama ukurasa. Nikayaona macho yake.

Nimekwisha.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya swala nilimwendea mtunza fedha wa msikiti. Nikajitolea kumbadilishia sarafu zote za sadaka kwa noti, apumzike kubeba mzigo. Alinishukuru sana akaniombea dua, tena ndefu. Dua ilinichoma kidogo, hasa pale aliposema niongezewe ikhlasi.

Noti nilizitoa kwenye akiba ya mabati ya jiko. Hakuna ubaya. Pesa ni ile ile, imekuwa nzito tu.

Sarafu mia moja na nne. Hakuna. Moja ilikuwa shilingi ya Tanzania, na aliyeitoa anajijua. Nyingine haikuwa sarafu, ilikuwa kifungo cha kanzu. Kinafanana sana na kile kinachokosekana kwenye yangu. Nimekishona.

Jumapili, 15 Juni

Henrique amepita kutoka kanisani. Koti lake linaning'inia upande mmoja mpaka anatembea kama kaa. Amechukua sadaka yote! Na ya kwaya! Akanisalimia kwa adabu kubwa, akasema jioni njema, jirani, ingawa ilikuwa saa tano ya asubuhi. Mtu anayesahihisha salamu za wenzake! Amechanganyikiwa. Vizuri.

Kesho benki.

Jumatatu, 16 Juni

Nilifika nusu saa kabla hawajafungua. Henrique alikuwa ameshafika, amevaa tai.

Kaunta yuko Telma, msichana mpole wa Nampula. Sarafu za benki huja kwa rolo, zimeviringishwa kwa karatasi ngumu, nene kama muhogo mdogo. Rolo za metikali mbili zilikuwa ishirini tu, na nyingine zitakuja zikija. Henrique akasema anataka ishirini. Nikasema kwa sauti kwamba na mimi nataka ishirini. Telma akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza kama tunakwenda kutuza kwenye harusi moja. Akatugawia kumi kumi kama watoto wa mama mmoja.

Nje tukakaa kwenye ngazi kupumzika, maana mzigo ulikuwa unauma mabega. Henrique akatazama risiti yake. "Tarehe kumi na sita Juni," akasema.

Siku kama ya leo, mwaka themanini, pesa ilibadilishwa. Eskudo zikaisha, metikali ikazaliwa. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alifunga duka lake la Olumbi, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa na homa ya kutetemeka, akaja nami Palma kupanga foleni mbele ya jengo la serikali. Eskudo zake alizibeba ndani ya foronya. Foleni ilikwenda siku mbili. Watu waliimba, walitaniana, na wazee wengine walifuta macho kwa pindo la kanzu, na mimi sikuelewa inakuwaje mtu aimbe na kulia kwa sababu ya pesa ile ile. Tulilala kwa shangazi, mkeka mmoja watu saba. Siku ya pili tulipotoka, baba akaniwekea kiganjani sarafu moja ya metikali. Mpya. Ina baridi.

"Itazame vizuri," akasema. "Hujawahi kuiona, na yenyewe haijawahi kukuona."

Nililala nayo mkononi. Asubuhi nikanunua kashata.

Ladha ya ile kashata siikumbuki hata kidogo. Sarafu naiona mpaka leo.

Nilimweleza Henrique yote haya, sijui kwa nini. Yeye mwaka ule alikuwa kijana wa miaka ishirini, mwalimu mpya kule Mueda. Mshahara wake wa kwanza wa metikali alimpelekea mama yake. Mama akakataa kuugusa. Akasema arudishe alikouokota, yeye anataka pesa anayoijua. Henrique alilazimika kwenda naye dukani, wakanunua chumvi, mama aone kwa macho yake kwamba mwenye duka anaipokea. Hata hivyo chumvi ile aliilamba kwanza.

Tulicheka mpaka mlinzi akatuomba tusogee. Tulikaa pale hadi saa sita, rolo ishirini miguuni, hatukufungua hata moja.

Kisha nikakumbuka kwamba ni adui yangu. Nikaondoka bila kuaga.

Jumatano, 18 Juni

Mambo yamechafuka. Sokoni hakuna chenji. Hakuna kabisa! Wauza nyanya wanarudisha pipi. Makondakta wa shapa, zile basi ndogo za Olumbi, wanarudisha pipi, kisha abiria wanataka kulipa nauli ya kurudi kwa pipi zile zile, na hapo ndipo mashati yanapochanika. Bwana mmoja amerudishiwa nusu ya kitunguu. Alikwenda nacho mpaka polisi.

Kitumbua cha Zaida ni metikali tatu. Mtu anatoa tano. Mbili ya kurudisha haipo. Mtu anaondoka. Zaida amerudi na nusu ya beseni haijauzwa. Nikala vinane ili kumsaidia.

Jioni kandambili yake ikaingia chini ya kitanda. Akapiga magoti kuitafuta. Akakaa huko chini muda mrefu. Alipoinuka alikuwa ameshika rolo mbili, moja kila mkono.

"Baba Hafsa," akasema, "kumbe chenji ya Palma nzima inalala na mimi!"

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Nikamweleza habari za samaki, za bwana wa Maputo, za friji. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: akiba ya mabati iko wapi? Nikaonyesha chini ya kitanda. Amehamia chumba cha Hafsa, binti yetu aliyeolewa Nampula. Amechukua na mto wangu.

Halafu tukaitwa kwa Bi Margarida, sekretario wa mtaa wetu, mama mmoja mrefu asiyekaa kwenye vikao. Wanawake wa soko walikuwa wamemfikia kabla yetu. Mimi na Henrique tulisimama mbele yake kama wanafunzi waliokojoa darasani. Alisema maneno machache. Ikifika Jumamosi asubuhi kila sarafu iwe imerudi sokoni. La sivyo Mwalimu atoke kwenye kamati ya shule, na benchi langu liondoke.

Benchi langu! Miaka thelathini na moja. Tuliporudi kutoka Pemba nyumba haikuwa na paa wala milango, sokoni mabanda yamelala chini, na benchi lile lilikuwa limesimama peke yake na mguu wake ule ule mfupi. Nililikalia kabla sijaingia nyumbani. Zaida alilia, mimi nilikaa.

Siku mbili. Zimebaki rolo saba.

Alhamisi, 19 Juni

Rolo ya tisa. Sarafu ya kumi na saba.

Nikaigeuza kama ukurasa. Tumbo juu. Nikaigeuza kama kitumbua. Mzima. Nikaiweka mezani. Nikanawa uso. Nikaigeuza tena kama ukurasa, kwa kidole kimoja.

Tumbo juu!

Nilihitaji shahidi, na mji mzima kuna mmoja tu mwenye elimu hiyo. Nikamwita. Henrique akaja macho mekundu. Zake zote alikuwa amekwisha kuzikagua, hakupata kitu. Akaigeuza mara sita. Akavua kofia.

"Jirani," akasema, "ni yenyewe."

Neno lilimtoka kama jino. Kisha akanipa mkono na hakuuachia upesi. Nilimwonea huruma. Nikampa viberiti vitano.

Nimempigia Leonel. Anakuja Jumamosi kwa shapa ya kwanza, pesa mkononi. Zaida nimemwambia kupitia mlango uliofungwa. Akauliza, "Friji au kuku?" Lakini mlango ulifunguka kidogo, kama upana wa kidole.

Ijumaa, 20 Juni

Nimerudisha sarafu zote isipokuwa ile moja. Nilipita na toroli sokoni, meza hadi meza, nikibadilisha noti kwa sarafu, na Henrique nyuma yangu anahesabu kwa sauti ili pasitokee kosa. Ilikuwa kama sikukuu. Wauza nyanya wakapiga vigelegele. Bi Margarida akapita, akalitazama benchi, akanitazama mimi, akaenda zake. Hiyo kwake ni pongezi. Noti za mabati zimerudi mahali pake. Zaida ameurudisha mto.

Alasiri nikakaa na sarafu yangu. Nikaitazama kwa lenzi. Aibu! Nyeusi kwenye mapezi, ukungu pembeni, mafuta ya vidole vya nani sijui. Mtu anatoka Pemba, barabara yote ile, kuja kutazama kitu kichafu namna hii?

Nikamkumbuka mama, Mungu amrehemu. Kila tulipotarajia mgeni pale Olumbi alitoa uani birika la kahawa, sinia na kile chetezo kikubwa. Jivu, ndimu, kumbi la nazi. Alisugua amekaa kwenye kibao, miguu ameinyoosha, na mimi kazi yangu ilikuwa kumkamulia ndimu na kupiga chafya. Alikuwa akisema mgeni akijitazama kwenye birika ajione, ndiyo ajue amekaribishwa. Harufu ya jivu lenye ndimu! Nilikuwa sijaisikia miaka mingi. Nikakata ndimu, nikachukua jivu la jikoni, nikakaa kwenye kibao cha Zaida, miguu nikainyoosha. Saa nzima nilisugua. Kwa muda ule nilikuwa uani kwetu, kuku wanapita, baba anakohoa dukani, mama ananiambia usirushe maji machoni.

Nikamalizia kwa ile dawa ya kung'arishia vioo vya saa. Inang'aa kama jino la dhahabu! Magamba ya samaki yamelainika mpaka hayaonekani tena. Amekuwa kijana.

Henrique aliinua kichwa juu ya ua, akaona ninachofanya, akasema kitu kwa haraka kuhusu kusugua. Nikamwambia akasugue zake. Ana wivu mpaka unaonekana kwenye masikio.

Jumamosi, 21 Juni

Nitaandika kwa ufupi.

Leonel alifika saa nne. Nilikuwa nimevaa kanzu, vifungo vyote. Henrique alisimama kando na kofia mkononi. Zaida aliacha beseni lake akaja, na wauza nyanya nyuma yake. Nikaifungua leso ndogo nyeupe. Watu wakasema aaah.

Leonel hakusema aaah. Akaomba lenzi yangu. Akatazama upande mmoja. Akageuza, kama ukurasa, anajua kazi yake. Akatazama muda mrefu.

"Umeiosha, Mzee Carimo?"

Nikasema nimeisugua.

"Kwa nini?"

"Kwa heshima yako," nikasema.

Akaiweka chini polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Akaeleza. Wanaotafuta vitu vya kale hawataki kilichosafishwa. Wanakitaka kama kilivyotoka mfukoni mwa watu, na weusi wake, na uchafu wake. Ndiyo umri wake huo. Ukiuondoa umeondoa kila kitu. Juzi ingekuwa na bei ile aliyonitajia. Leo ni metikali mbili.

Nikauliza kama haiwezekani kuichafua tena. Akasema hapana.

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Henrique akatazama viatu vyake. Baadaye aliniambia alikuwa anataka kusema hilo hilo jana, na kwamba angeruka ua, lakini nilivyokuwa nimekaa pale kwenye kibao, miguu nimeinyoosha, ninaimba, hakupata nguvu. Sikujua kwamba nilikuwa naimba.

Leonel alikunywa chai, akala vitumbua vitatu, akaondoka na shapa ya mchana. Ni mtu mwema. Hakutaja nauli yake.

Kisha akaja bibi mmoja kwa Zaida, akanunua kitumbua, akatoa tano. Zaida akapapasa ndani ya mkebe. Chenji ilikuwa imeisha. Akanitazama. Hakunilazimisha. Nikaiokota pale benchini, nikampa mimi mwenyewe yule bibi. Akaipokea. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza huku na huku juani, akatabasamu na mapengo yake yote.

"Mpya kabisa!" akasema. "Muda mrefu sijapewa mpya."

Akaenda nayo ameifumba kiganjani. Nikamtazama mpaka akapotea kwenye kona ya msikiti. Zaida akanisogezea kitumbua. Cha bure. Nilikila taratibu ili ladha yake niikumbuke.

Jumapili, 22 Juni

Nimeumwa. Hakuna homa. Zaida anasema ni ugonjwa wa samaki. Henrique ameleta uji na gazeti la zamani, akanisomea, akasahihisha makosa ya mwandishi. Nililala vizuri.

Alhamisi, 26 Juni

Nimepona kabisa!

Jana ilikuwa miaka hamsini ya uhuru. Bendera kila mahali, ngoma mpaka jioni. Dada yangu Awa alikuja kutoka Olumbi kusherehekea nasi, amebeba furushi la nguo. Mchwa wameingia kwenye sanduku la mama, akaokoa alichoweza: leso tatu na ushungi. Tukazifungua mkekani. Zilikuwa bado zinanukia udi. Kwenye pindo la leso ya bluu kulikuwa na fundo dogo, gumu kama mbegu. Awa akalifungua kwa meno.

Noti ya metikali mia. Ya mwaka themanini! Imekunjwa mara nne, ndogo kama ukucha wa dole gumba. Mama aliifunga hapo na hakuitumia mpaka amekufa. Awa akainusa, akaniambia ina harufu ya mkono wake. Akalia, nami nikalia, na Zaida ambaye mama alikuwa hampendi sana naye akalia. Awa akasema hii haiuzwi, kaka, wewe ndiye mkubwa, itunze hivi hivi. Nikaapa.

Leo asubuhi nimempigia Leonel. Kuuliza tu. Kuuliza si kuuza. Akashtuka! Akasema noti za mwaka ule zikiwa nzima zina wenyewe, tena wenyewe hao wanatoa pesa nyingi kuliko bwana wa samaki. Akasema, "Lakini Mzee Carimo, tafadhali, usi..." na mtandao ukakatika. Nimepiga mara nne, hapatikani. Usiuze kwa mwingine, bila shaka. Asiwe na wasiwasi, simuuzii mwingine.

Nimeiweka chini ya lenzi. Ni safi, haina tundu, rangi ipo. Kasoro ni mikunjo tu. Minne, imezama sana, mama alikuwa na vidole vya nguvu. Inaharibu sura yote ya noti. Nimefikiri kwa makini, maana mimi si mtu wa kurudia kosa. Sarafu haisuguliwi, hilo nimelishika na sitalisahau maishani. Lakini hii ni karatasi.

Nimewasha mkaa. Viberiti ninavyo. Pasi imeanza kutoa moshi. Awa na Zaida wako sokoni. Wakirudi wataikuta imenyooka, kama siku mama alipoipokea.